Pumzi Katika Gari la Zuurakan

Zuurakan alikuwa muuguzi wetu kwa miaka ishirini na minne, na katika miaka hiyo yote sikumsikia akimbembeleza mgonjwa hata siku moja. Ukimwendea na kikohozi, atakuuliza kwanza kwa nini umekaa nacho wiki nzima kama urithi wa baba yako. Ukiogopa sindano, atakwambia sindano haina masikio. Lakini mkono wake ulikuwa mwepesi, na nusu ya vijana wa kijiji chetu cha Tash-Bulak ni yeye aliyewapokea kutoka matumboni mwa mama zao. Kwa hiyo tulimwogopa na tulimhitaji. Mtu wa namna hiyo kumpenda ni kazi.

Mimi naitwa Anipa. Nyumba yangu na yake zinatenganishwa na ukuta mmoja wa udongo, na pale zahanati nilikuwa mfagiaji na mwasha jiko la makaa. Zahanati iko kijiji cha chini, kilomita saba, hivyo kila asubuhi nilipanda gari lake. Nikisema lake nakosea, maana chanzo cha ugomvi wote kilikuwa hapo.

Gari lilikuwa jeupe, la Kirusi, fupi, magurudumu yote manne yanavuta. Alilinunua na mumewe Kerimkul, mwaka waliouza fahali wawili na farasi mmoja. Walikaa katika ndoa miaka ishirini na miwili. Kisha siku moja ya karamu, mbele ya wageni, nyama ikiwa bado mezani, Kerimkul akatangaza kwamba amechoka kuishi na sindano na anahamia kwa Totuya, mjane mwenye duka upande wa pili wa mto. Zuurakan hakulia wala hakupiga kelele. Aliwamiminia wageni chai kwenye bakuli zao, akamaliza mzunguko wote, akamwambia Kerimkul, "Basi inuka. Unakalia mto wangu."

Baraza la wazee likagawa mali. Nyumba kwa mke, mifugo kwa mume. Gari likawashinda. Mzee Orozaly, mkuu wa baraza, akasema gari halikatwi kama kondoo, kwa hiyo litumiwe na wote wawili: mchana liwe la Zuurakan kwa kazi ya zahanati, jioni na siku ya mnada wa mifugo liwe la Kerimkul, na kila asubuhi saa mbili lirudishwe langoni kwa Zuurakan. Ufunguo ukapigiliwa msumari wake kwenye nguzo ya lango ili wasilazimike kutazamana usoni.

Mwaka wa kwanza mambo yalikwenda, kwa chuki lakini yalikwenda. Waliachiana vikaratasi kwenye usukani. "Umeharibu klachi." "Klachi iliharibika siku uliyozaliwa." Mimi ndiye niliyekuwa nikivisoma kwa sauti njiani, naye Zuurakan akinitajia majibu. Nisiseme uongo, nilifurahia.

Kisha ikaja ile baridi kali. Desemba, digrii thelathini na sita chini ya sifuri, mate yanaganda kabla hayajafika chini. Tukaanza kulipokea gari likiwa limejaa jalidi, ile barafu nyeupe ya vioo, kwa ndani.

Jalidi ya nje haina neno. Unaikwaruza, unaipiga ufagio, basi. Ya ndani ndiyo laana. Ukiikwaruza inakumwagikia mapajani, inayeyuka kwenye koti, unyevu unapanda tena, na kioo kinaota upya mbele ya macho yako, weupe juu ya weupe. Waipa haiifikii. Hita ya gari lile ilipuliza hewa vuguvugu kama pumzi ya mbuzi mgonjwa, ikifungua kitobo kidogo chini ya kioo, nawe unaendesha umeinama kama unachungulia tundu la ufunguo.

"Ananifanyia makusudi," Zuurakan alisema asubuhi ya kwanza, akikwaruza kwa kifuniko cha kopo la jemu. "Anabeba kondoo wenye theluji mgongoni, kisha anafunga milango."

"Labda ni baridi tu, dada," nikasema.

"Baridi haina maji, Anipa. Hewa ya nje ni kavu kama mfupa. Maji lazima yaletwe na mtu."

Alikuwa mtu wa kupima mambo, na hapo akatangaza vita na maji. Alitoa mazulia ya sakafuni, akaweka mati za mpira anazoweza kuzikung'uta. Mtu yeyote akitaka kupanda, hata kama anavuja damu, lazima kwanza agonganishe viatu mara tatu nje ya mlango. Chai ndani ya gari ikapigwa marufuku, na mitandio yenye unyevu pia. Vioo vya pembeni akavibandika nailoni kwa ndani kama tunavyofanya madirisha ya nyumba, ikabaki nafasi ya hewa katikati. Kioo cha mbele alikifuta kwa pamba yenye spiriti na tone la gliserini. Alijaza chumvi ya mawe ndani ya soksi nene mbili, akazilaza chini ya kioo zinywe unyevu. Hita aliifungulia hewa ya nje, kamwe si ile inayozunguka humo humo. Na kila jioni, kabla ya kutundika ufunguo, alifungua milango yote na kuiacha wazi dakika kumi, hewa ya joto yenye pumzi zetu itoke na ya nje iingie. Gari likabaki kavu na baridi sawa na uwanja.

Likatoka kwake kavu. Likarudi asubuhi kama pango la barafu.

Kikaratasi chake siku hiyo kiliandikwa hivi: "Wewe ni mnyama au unaishi na wanyama?" Jibu lilikuja kesho yake, kwa mwandiko uliotetemeka: "Kama hulitaki niachie."

"Umeona?" akaniambia. "Umeona? Anataka nichoke nimwachie!"

Asubuhi ya kumi na tano ya jalidi ile, Mirlan wa kijiji cha juu alikuja na farasi, amepanda bila tandiko, kusema mkewe Nurzada ameshikwa na uchungu tangu jana na mtoto amekaa vibaya. Tulikwenda. Zuurakan akampima kwa mkono, akanitazama, nikajua kwamba hapo si pa kuzalishia. Tukamweka Nurzada kiti cha nyuma kichwa chake mapajani kwangu, Mirlan mbele, tukashika njia ya hospitali ya wilaya, kilomita thelathini.

Watu wanne, mmoja anahema kama farasi wa mbio. Barafu ya asubuhi ilikuwa haijaisha vizuri kwenye dari na kwenye kingo za vioo, na pumzi zetu zilipanda juu yake kama mtu aliyekuta kitanda kimeshatandikwa. Kabla ya daraja la pili hatukuona kitu. Mirlan alikwaruza kwa kisu, nyuma ya kisu kioo kikaziba.

"Usipumue!" Zuurakan akamkaripia.

"Nisipumue vipi, mama?"

"Pumulia ndani ya koti lako! Na wewe Anipa, funga mdomo, acha kusali kwa sauti. Mungu anasikia hata minong'ono."

Mwisho alishusha kioo cha mlango wake, akatoa kichwa nje hadi shingoni, akaendesha hivyo. Kilomita kumi na tisa. Sikuwahi kuona mtu akiendesha gari hivyo na naomba nisione tena. Upepo ule ni kisu. Nurzada alifika, akapasuliwa, mtoto wa kiume akatoka mzima. Zuurakan alifika na sikio la kushoto jeupe kama mshumaa. Baadaye liligeuka jeusi, na ncha yake ikadondoka yenyewe, kama ganda.

Siku ya tatu, kichwa kimefungwa bendeji, akaenda barazani.

Wazee walikuwa wameketi nyumbani kwa Orozaly, jiko linanguruma, malai na mkate mezani. Kerimkul alikaa karibu na jiko kuliko wote. Nilimwona amekonda, nikadhani ni mapishi ya Totuya.

"Huyu," Zuurakan akasema bila salamu, "anajaza maji gari langu kila usiku. Nilikaribia kuua mama na mtoto. Nataka gari libaki kwangu."

"Gari letu," Kerimkul akasema, macho yake motoni.

"Binti yangu," akasema Orozaly kwa sauti ya kutuliza watoto, "gari ni chuma. Chuma hupoa. Hata langu linaota weupe."

"Lako linaota kidole, mzee. Hili linaota kiganja kizima. Mimi naliacha kavu. Muulize anabeba nini."

"Sibebi kitu," Kerimkul akasema. Kisha akainua kichwa, akawatazama wale wazee, akatafuta kicheko. "Jamani, mnamjua huyu mwanamke. Nikiwa naye hata chai ilikuwa inaganda akiitazama. Sasa kioo kikiganda nishangae nini?"

Walicheka. Mmoja alicheka hadi akapaliwa na mkate.

Zuurakan alingoja wamalize. "Na wewe ungekuwa chai," akasema, "Totuya angeshakumwaga."

Nilitarajia amjibu, maana Kerimkul hakuwa mtu wa kukosa neno. Aliinamisha kichwa akaanza kuchezea mkanda wa kofia yake. Baraza likaamua mambo yabaki yalivyo, na kwamba mwanamke apunguze ukali.

Kutoka hapo hadi nyumbani Zuurakan alitembea mbele yangu, theluji ikilia chini ya viatu vyake. Kesho yake asubuhi, gari lilipokuja, hakulikwaruza. Aliingia akafunga mlango, akakaa ndani muda mrefu. Nilipofungua nikamkuta amepiga magoti kwenye kiti cha nyuma, anatazama dari.

"Njoo uone," akasema. "Kioo cha mbele barafu nyembamba. Cha mlango wa dereva nyembamba. Huku nyuma, nene. Nene zaidi hapa, chini, kando ya kiti. Na juu yake darini, sindano ndefu kama za mti wa msonobari. Kondoo angekaa nyuma kwenye buti la gari, barafu ingekuwa kule. Hii imetoka mdomoni mwa mtu, Anipa. Aliyelala. Kichwa hapa."

"Mtu gani alale ndani ya gari kwenye baridi hii?"

Uso wake ukabadilika rangi. "Watu wawili," akasema polepole. "Wawili wanapeana joto. Totuya yuko mjini kwa binti yake tangu mwanzo wa mwezi, si ndivyo? Basi amepata mwingine. Anamleta kwenye gari langu. Kwenye kiti nilichomlaza Nurzada!"

Nilimwambia asiseme jambo asilolijua. Hakunisikia. Mchana ule wote aliwadunga watu sindano kama anawalipizia kisasi.

Kesho yake aliniamsha kabla hakujapambazuka vizuri, anga limeanza kuwa kijivu juu ya mlima. Tulifuata alama za matairi kwenye theluji mpya. Hazikwenda kwa Totuya. Zilipita mto, zikapita nyumba ya mwisho, zikaenda hadi nyuma ya banda la zamani la kukatia manyoya, mahali ambapo siku hizi hakuna anayekwenda ila mbwa. Gari lilikuwa hapo limeegemea ukuta, vioo vyote vyeupe, kama jicho lenye mtoto wa jicho.

Njiani nilikuwa nimegeuka kutazama nyumba ya Totuya. Bomba la moshi lilikuwa na kofia ya theluji. Moto ulikuwa haujawashwa pale kwa siku nyingi, na kijiji kizima tulikuwa tukipita bila kuinua macho.

Zuurakan aliung'ang'ania mlango, ulikuwa umeganda. Akaupiga teke, akauvuta kwa mikono miwili, ukafunguka kwa mlio wa kitambaa kinachochanwa.

Hakukuwa na mwanamke. Alikuwa Kerimkul peke yake, amejikunja kwenye kiti cha nyuma chini ya zulia la manyoya na makoti mawili, ndevu zimejaa barafu. Betri ya gari alikuwa ameitoa na kuikumbatia kifuani kama mtoto mchanga, isife baridi, maana ikifa gari halitawaka kufika langoni saa mbili.

Alifungua jicho moja. "Funga mlango," akasema. "Unaingiza baridi."

"Toka."

"Saa mbili bado. Ni zamu yangu."

"Toka ndani ya gari langu, Kerimkul."

"Letu." Midomo yake ilikuwa haiitikii vizuri, neno likatoka kama la mlevi, ingawa hakunukia pombe. Alinukia manyoya yenye unyevu.

"Totuya yuko wapi?"

"Mjini."

"Na ufunguo wa nyumba yake?"

Kerimkul akalivuta zulia hadi kidevuni, buti zake zikatokea chini.

"Hakukuachia." Zuurakan alisema hivyo kwa sauti ambayo sikuipenda, kwa sababu ilikuwa na furaha ndani yake. "Alikufukuza. Alipiga kufuli akaondoka. Na nduguyo Jumakadyr mmegombana kwa sababu ya nyasi. Na mifugo yako iko zizini kwake. Basi mwanamume mzima, mume wa wanawake wawili, unalala kwenye kopo."

"Cheka basi," akasema Kerimkul. "Umengoja mwaka mzima. Cheka umalize, uende."

Hakucheka. Alikuwa ameona miguu. Akainama, akalivuta zulia, akaikamata buti ya kushoto kwa mkono mmoja na kisigino kwa mwingine, akaivua. Kerimkul alipiga ukelele. Soksi ilitoka na kitu kinachofanana na ngozi ya kitunguu. Vidole viwili vya mwisho vilikuwa vyeusi, na cha tatu rangi ya ini.

"Tangu lini huvihisi?"

"Si kazi yako."

"Ndiyo kazi yangu, mjinga wewe! Ndiyo kazi niliyosomea! Tangu lini?"

"Siku nne. Tano."

"Siku nne tano umekaa na vidole vilivyokufa, unanipulizia pumzi kwenye vioo, na juzi unachekesha wazee kwamba mimi ndiye ninayegandisha chai!" Sasa ndiyo alikuwa anapiga kelele, na mbwa wakaanza kubweka upande wa kijijini. "Kwa nini hukugonga mlango wa mtu? Wa Anipa? Wa Orozaly? Kwa nini hukugonga?"

"Wangekwambia," akasema Kerimkul.

Tulifunga betri mahali pake, gari likakohoa mara sita likawaka. Zuurakan hakumpeleka zahanati, alisema yaliyokwisha kufa hayatibiki kwa bendeji. Akashika njia ya wilaya. Alimkalisha Kerimkul mbele, miguu imefungwa blanketi, na kabla hajaondoa gari akamfungulia kioo cha upande wake chote.

"Geuza uso nje," akamwambia. "Usiku kumi na tisa umepumulia ndani. Leo pumulia barabarani."

"Nitakufa njiani, mchawi wewe."

"Hufi. Watu kama wewe hawafi kwa haraka."

Nikiwa nyuma nilijifunika kichwa kizima kwa shali. Kilomita thelathini walitukanana bila kupumzika. Alimkumbusha karamu, akamkumbusha mto alioukalia. Kerimkul akamkumbusha mama mkwe wake alivyougua, na yeye Zuurakan akawa kwenye chanjo za watoto wa wengine hadi bibi akafa mikononi mwa majirani. Hilo lilimfika. Kwa muda wa vilima viwili Zuurakan alikaza tu macho barabarani. Barabara ilionekana vizuri, kioo cha mbele kilikuwa safi.

Walimkata vidole vitatu. Siku alipotolewa hospitali, Zuurakan hakwenda kumchukua. Alichofanya ni kwenda matangani kwa marehemu bibi wa ukoo wa Orozaly, ambako wanaume wote walikuwa wamesimama nje ya hema la manyoya wakiomboleza, na akamwendea Jumakadyr, mdogo wake Kerimkul, mbele ya watu.

"Shemeji," akasema, "kaka yako amelala ndani ya gari siku kumi na tisa, hatua mia tatu kutoka zizi lako. Kondoo wake ulikuwa unawalisha ndani. Yeye ulimwacha nje. Leo saa tisa anatoka hospitali, na ana miguu miwili na vidole saba. Ukienda kumchukua, vaa kofia uifunike aibu yako vizuri. Usipokwenda, nitakuja hapa tena kwenye arobaini nirudie maneno haya haya, kwa sauti zaidi."

Jumakadyr alikwenda. Alikwenda akiwa mwekundu kama nyama, na tangu siku ile hajamsalimu Zuurakan.

Wala si yeye peke yake. Mnajua watu walivyo. Kabla theluji haijayeyuka hadithi ilikuwa imegeuka ndani nje kama soksi. Ikawa Zuurakan ndiye aliyemfungia mumewe nje. Ikawa alijua tangu mwanzo, akamwacha agande ili apate gari. Ikawa alimfungulia kioo njiani kusudi vidole viongezeke kufa. Wanawake waliokuwa wakimletea siagi wakaacha. Mke wa Jumakadyr aliwapeleka watoto wake kuchanjwa wilayani, kilomita thelathini, ili asimpe mkono Zuurakan. Hata Nurzada, ambaye sikio lile lilianguka kwa ajili yake, alivuka upande wa pili wa njia asikutane naye, kila mama mkwe wake alipokuwa karibu.

Nilimwambia Zuurakan, "Waeleze. Mimi ni shahidi, nitasema."

"Niwaeleze nini? Kwamba nilifurahi?" Alikuwa anafunga pamba kwenye vijiti. "Nilifurahi, Anipa. Nilipofungua mlango nikamwona peke yake, nilifurahi kabla sijaona miguu. Hilo nalo utasema?"

Nikachukua kijiti, nami nikafunga pamba. Lilikuwa kweli.

Mwezi wa nne, njia zikiwa matope, Kerimkul alikuja langoni na fimbo. Hakuingia. Mguu wake wa kushoto ulikuwa haukanyagi klachi sawasawa, kila mtu alijua. Alitoa mfukoni ufunguo wake wa akiba, akautundika kwenye msumari.

"Chukua chuma chako," akasema. "Hakinifai."

"Mbele ya shahidi?" akauliza Zuurakan kutoka mlangoni.

"Huyo hapo shahidi wako, masikio juu ya ukuta kama kawaida yake."

Nikainama nyuma ya ukuta, nikiwa nimechelewa.

"Basi nenda," Zuurakan akasema. "Na hicho kidonda ukifute kwa maji yaliyochemka, si kwa maji ya mto kama ulivyozoea."

Akaenda zake. Kiangazi akapanda malishoni na mifugo ya nduguye, na huko juu watu walisema amekuwa mchungaji mzuri, mkimya.

Majira ya baridi yaliyofuata, jioni moja ya Januari, tulikuwa tunarudi kutoka zahanati. Jua lilikuwa bado linagusa kilele. Kwenye njia panda walisimama watu watatu wakingoja usafiri: bibi mmoja na binti yake, na Kerimkul na fimbo yake, theluji imemfika magotini. Zuurakan alisimamisha gari. Hakuna asiyesimamisha gari kwenye baridi ile.

"Viatu," akasema kupitia dirishani. "Mara tatu kila mguu."

Bibi akagonganisha, binti akagonganisha, wakaingia. Kerimkul akabaki amesimama. Ule mguu haukuweza kugonga bila kumwangusha, na sote tuliliona hilo.

Nilifungua mdomo niseme mwacheni aingie hivyo hivyo. Zuurakan alinitangulia. "Egemea mlango, ugonge kwa fimbo."

"Sigongi kitu kwa ajili yako."

"Ni kwa ajili ya kioo."

"Kioo chako kibusu," akasema Kerimkul, akageuka, akaanza kutembea kwenye alama za matairi, fimbo, mguu, fimbo, mguu. Kilomita tano na nusu.

Zuurakan alingoja. Injini ikinguruma, alingoja hadi bibi wa nyuma akaguna. Kisha akampita polepole, karibu sana, kwa mwendo wa mtu anayetembea, dirisha likiwa wazi. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Mwisho akaingiza gia ya pili, tukaenda.

Asubuhi nilipotoka na ndoo alikuwa tayari uani, anakung'uta mati.

"Amefika?" akauliza, bila kutaja jina.

"Alifika jana saa moja na nusu usiku. Mke wa Jumakadyr anasema alikunywa bakuli sita za chai."

"Vidole?"

"Viko sawa."

Aliinama akatandaza mati ya dereva, akaibonyeza pembeni ikae vizuri. "Basi fanya haraka," akasema. "Leo kuna watoto kumi na mmoja wa chanjo, na mama zao wote wananichukia. Sitaki niwape na sababu nyingine kwa kuchelewa."